Nilisema Nimeipita Njia

Vijana wangu mnaoongoza wageni kwa baiskeli, mmenisumbua muda mrefu niandike mambo ya kazi yetu kabla sijayasahau. Haya, nimekaa. Msitegemee nitayapanga mwaka kwa mwaka, maana sikuwahi kuishi hivyo. Nitaanza na mepesi. Lililo zito nalo lipo, na ndilo lililonifanya nikubali kushika kalamu.

Wengine hamnijui. Mimi ni Felista, mzaliwa wa Kirua Vunjo. Nimeongoza wageni kwenye njia za pembeni za mlima huu kwa miaka ishirini na kitu, mpaka magoti yakagoma. Wengi mnadhani kazi hii ni ya miguu. Miguu ni ya mgeni, yeye ndiye aliyekuja kutoka jasho. Kazi ya kiongozi ni macho.

Mgeni wa baiskeli hatafuti barabara kubwa ya lami yenye malori. Hiyo anayo kwao. Anataka njia tulivu, na njia tulivu hata ramani ya simu haikuonyeshi. Mimi niliitambua kwa kuku: wakiwa wamejilaza katikati ya barabara wanajipiga vumbi, magari hayapiti hapo. Nyasi zikiwa zimeota kati ya alama mbili za magurudumu, ni nzuri zaidi. Lakini ujue pia siku. Siku ya soko njia ile ile inajaa akina mama wenye mikungu ya ndizi vichwani, na ukiwapigia kengele kwa nyuma unawatia hofu bure. Jumapili upande wa Machame, ibada ikitoka, usithubutu. Niliwahi kuwaingiza Waholanzi saba katikati ya washarika waliokuwa wanatoka kanisani. Tulisalimiana na watu mpaka saa nane, na mmoja akaondoka na jogoo aliyemnunua kwenye mnada wa mavuno bila kujua amenunua nini.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Aminieli wa Machame. Alikuwa mfupi, mwenye sauti nzito ya kwaya, na suruali yake aliibana kifundoni kwa vibanio vya kuanikia nguo ili isishikwe na cheni. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa viongozi katika kampuni ndogo ya pale Moshi mjini iliyoniajiri. Bosi alinitazama siku ya kwanza akamuuliza, "Huyu mama ataweza kuziba pancha?"

Aminieli akamjibu, "Hata wewe huwezi, na kampuni ni yako."

Nikachukuliwa kwa majaribio. Wiki ile ile nikapata pancha na wageni, nikaziba kwa madaha. Baada ya kilomita moja, pancha tena. Nikaziba. Mara ya tatu Aminieli akashuka kwenye baiskeli yake, akapitisha kidole polepole ndani ya tairi, akatoa mwiba mdogo kama ukucha wa paka. "Umeziba tundu mara tatu," akasema, "na mwiba umeuacha ndani." Wageni walicheka, nami nikacheka. Tangu hapo sijawahi kurudisha mpira kabla ya kupapasa tairi lote. Ninyi pia msirudishe.

Alikuwa na sharti moja ambalo halikuwa na mjadala. Siku moja kabla ya kila safari, mmoja wetu anaipita njia nzima kwa baiskeli, mwanzo hadi mwisho. Haijalishi kama uliipita juzi. Mlima huu una maji mengi, vijito, makorongo na mifereji ya wazee, na mvua ya nusu siku inaweza kuila barabara ikabaki ganda tu. Jioni Aminieli anakupigia simu: "Umeona nini?" Ukianza kumwambia kwamba kwa kawaida pale pana changarawe, anakukata. "Sikuulizi unachokumbuka. Nakuuliza ulichoona leo."

Sasa niwaambie la Odile na Bernard.

Walikuwa mke na mume, Wafaransa, walimu waliostaafu. Ilikuwa mwishoni mwa masika, na safari yao ilikuwa ya Kirua, njia yangu ya nyumbani. Mimi ndiye niliyetakiwa kuipita siku moja kabla. Asubuhi ya siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka karibu saa saba. Ilipokatika nikaitazama baiskeli, nikayatazama matope ya uani, nikajiambia: nimepita kule wiki tatu zilizopita, na ni kwetu, hata nikifumba macho naijua. Nikaenda saluni kusuka nywele. Nilisikia kwamba yule baba ana kamera kubwa, nikataka nionekane vizuri kwenye picha. Mnaweza kucheka. Kwa miaka mingi mimi sikuweza.

Jioni simu ikalia. "Felista, umeona nini?"

"Njia ni nzuri, Mzee. Ila kuna tope kidogo kwenye mteremko wa kwanza."

Hata tope lenyewe nililitunga.

Asubuhi gari likatupandisha Kirua, baiskeli zikiwa juu. Tulinywa kahawa kwa shangazi yangu kabla ya kuanza. Nikawauliza kwao wanaendesha wapi. Odile akachora kwa kidole juu ya meza, vilima vidogo vidogo kimoja baada ya kingine. Kiingereza chake na changu vililingana kwa ubovu, kwa hiyo tulielewana vizuri.

"Kwetu hakuna mlima," akasema. "Ni vilima tu, huoni mwisho wake. Unapanda kidogo, unateremka kidogo. Njia nyembamba, ngano huku na huku, ng'ombe, kijiji chenye kanisa, kisha unaanza tena. Unaweza kukaa saa nzima usione gari."

"Mnakwenda mara ngapi?"

"Kila Jumapili. Miaka thelathini na minne. Hata tukigombana Jumamosi, Jumapili tunaendesha."

"Hasa tukigombana," akasema Bernard.

Odile akaniambia walikuwa wametafuta njia ya namna hiyo katika nchi nyingi, maana walitaka kuzeeka wakiendesha. Nikajigamba. Nikawaambia leo wataipata. Aminieli alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Alinitazama, akaitazama baiskeli yangu iliyoegeshwa kwenye mgomba, akawa kama anataka kusema neno. Kisha akamaliza kahawa yake na kuvaa kofia ngumu.

Tulipanga mstari kama kawaida. Mimi mbele, Odile nyuma yangu, Bernard wa tatu, Aminieli wa mwisho. Na kweli asubuhi ilikuwa nzuri. Migomba ilikuwa imeoshwa na mvua, kahawa imefunga matunda, na barabara yote ilikuwa yetu. Watoto walitusalimu, Odile akawa anawajibu shikamoo badala ya marahaba, wakacheka mpaka kukaa chini.

Baada ya saa moja hivi tukafika kwenye mteremko wa pili. Ni mrefu, una kona moja, na chini yake kuna kalavati linalopitisha kijito chini ya barabara. Nikaachia breki kidogo, maana naijua kona ile. Tulipoimaliza tu, mawingu upande wa kulia yakafunguka na kilele cha Kibo kikatokea chote, cheupe, karibu kama unaweza kukigusa. Nilisikia Bernard akipaza sauti nyuma kwa Kifaransa. Maneno sikuyajua, lakini nilielewa. Alikuwa anamwita mkewe auone mlima. Sauti ya mtu mwenye furaha haihitaji mkalimani.

Wakati huo huo nikaona kwamba kalavati halipo. Upande wote wa kushoto maji yalikuwa yameondoka nao, na upande wa kulia umebaki ukingo mwembamba wa udongo. Nikakata kulia, tairi likapita juu ya ukingo ule sijui kwa namna gani, na nikapiga ukelele: "Simama! Simama!"

Nilisema kwa Kiswahili, vijana. Kwa hofu Kiingereza kilinitoka chote. Ndiyo maana nawafundisha kwamba kila mgeni ajue neno hilo kabla hajapanda baiskeli, na ajue kwamba mkono wa kiongozi ukiwa juu, breki zote mbili zinashikwa. Odile hakuwa amefundishwa. Alitumbukia na baiskeli yake ndani ya lile shimo.

Bernard aliweza kusimama. Aminieli aliirusha baiskeli yake migombani na kushuka shimoni kabla yangu. Mguu wa Odile ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Wanaume wa pale wakang'oa mlango wa banda la ng'ombe tukamlaza juu yake, mama mmoja akavua kitenge chake akakikunja kuwa mto. Pikapu iliyokuwa inakusanya maziwa ikashusha madumu yake kando ya barabara, bila mtu kuulizwa, ikatuteremsha Moshi. Njia nzima Aminieli alikishika kichwa cha Odile kisitikisike. Bernard alikaa kwenye kona ya pikapu akiwa ameikumbatia kofia ya mkewe, na kila nilipotaka kumsemesha aligeuza uso.

Vilivyovunjika ni nyonga na mfupa wa paja. Bosi alifika hospitali akatukuta mimi na Aminieli nje.

"Nani aliipita njia jana?"

Nilifungua mdomo. Naapa kwamba niliufungua. Aminieli akatangulia.

"Msimamizi ni mimi. Nilitakiwa kuhakikisha, sikuhakikisha."

"Kwa hiyo Mzee hukupita?"

"Haikupitwa," akasema.

Bosi alimwondoa kazini wiki ile ile. Na kwa wageni akatoa maneno mengine kabisa. Aliwaambia kwamba njia ilikaguliwa vizuri, maji yamelivunja kalavati alfajiri ya siku ile ile, hakuna ambaye angeweza kujua. Nilikuwa nimesimama pale. Bernard aliinamisha kichwa akasema ameelewa. Baada ya siku chache wakasafirishwa kurudi kwao, Odile akiwa amelala.

Mtaniuliza kwa nini nilinyamaza. Nilikuwa na watoto wawili na mama mgonjwa Kirua. Nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya viongozi, na wa majaribio, na nilijua likijulikana hakuna mwingine atakayechukuliwa baada yangu. Sababu hizi zote ni za kweli. Lakini niliogopa pia, hivyo tu, kama mtu yeyote anavyoogopa. Baadaye bosi akanipa nafasi ya Aminieli.

Miaka sita nilikuwa msimamizi. Katika miaka hiyo hakuna njia iliyotembelewa na mgeni kabla mimi au mwenzangu hatujaipita. Niliwahi kupita nikiwa na malaria. Watu wakanisifu kwa uangalifu, na kila sifa ilinichoma. Machame kwa Aminieli nilikuwa nakwenda Krismasi tu, na sukari na mchele, nakaa dakika chache, nakimbia.

Siku moja nilikuwa nafundisha wapya. Binti mmoja, Upendo, ambaye baadhi yenu mnamfahamu, akanyoosha mkono. "Mama, hujawahi kuacha kuipita njia, hata mara moja?"

"Hata mara moja," nikasema.

Akaliandika kwenye daftari lake. Nikauona mkono wake ukiandika uongo wangu kwa mwandiko mzuri, nikashindwa kuendelea na somo.

Kesho yake asubuhi nilichuma jani la sale nyumbani nikapanda Machame. Hilo jani mnalijua. Kwetu ukimpelekea mtu uliyemkosea, hawezi kukukatalia msamaha. Nilimkuta Aminieli anamkatia ng'ombe majani ya migomba, ameegemea fimbo.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba." Akaliona jani mkononi mwangu. Akaacha panga. "Mae, mama, kuna nini?"

Nikapiga magoti pale pale kwenye majani. "Siku ile ya Kirua sikupita, Mzee. Nilikudanganya. Nilikwenda kusuka nywele."

"Najua," akasema.

Nikainua uso.

"Nilijua kabla hatujaanza. Mvua ilikuwa imenyesha nusu siku, na baiskeli yako ilikuwa kavu, haina hata tone la tope. Na kichwa chako kilikuwa kipya. Nilisimama pale kwa shangazi yako nikayaona yote."

"Mbona hukusema?"

Alisukuma majani pembeni kwa fimbo yake. "Wageni walikuwa wamekwisha kuvaa. Wanacheka. Niliona haya kuwasimamisha na kukuaibisha mbele yao. Nikajiambia, labda ameiosha. Nilijua hukuiosha." Akakaa juu ya gogo. "Wewe ulidhani nilikubebea kosa lako. Lile nililosema kwa bosi lilikuwa langu. La kwako ulibaki nalo mwenyewe."

Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Hakulipokea.

"Nikilipokea tutamaliza hapa, mimi na wewe, mke wangu atatuletea mtori wa ndizi, utateremka mjini umepona. Yule mama aliyevunjika nani amemwambia?"

Nikaliteremsha jani.

"Basi nenda kaanzie huko. Ukirudi nitalipokea."

Nilianza na bosi. Alisema maneno niliyostahili, akaniondoa kwenye usimamizi, na Jumamosi yake akapanda Machame mwenyewe kumwomba radhi Aminieli. Kisha nikawaambia wapya wote, na Upendo akiwemo. Alifuta ule mstari kwenye daftari bila kunitazama. Mwisho nikatafuta anwani ya barua pepe ya Odile kwenye kumbukumbu za ofisi. Nilikaa kwenye kompyuta siku tatu kuandika ukurasa mmoja. Nikamwambia kila kitu: njia ambayo haikupitwa, saluni, uongo wa simu, uongo wa hospitali, na kelele niliyopiga kwa lugha asiyoijua.

Jibu lilichukua karibu mwezi. Sina budi kuwaambia lililokuwamo, ingawa si kwa maneno yake yote.

Alianza kwa kunishukuru kwamba nimesema. Mguu uliunga, akaandika, lakini nyonga haikurudi, anatembea kwa mkongojo na baiskeli hajapanda tena. Hilo alikuwa amelizoea. Kisha akaandika habari za Bernard. Kwa kuwa waliambiwa kwamba njia ilikaguliwa na hakuna aliyekosea, wao wawili walitafuta kosa pale lilipokuwepo kwa macho yao. Bernard alimwita auangalie mlima, naye akageuza kichwa. Hawakuwahi kugombana kwa ajili hiyo. Ila siku moja, akiwa kwenye maumivu, Odile alimwambia, "Ungenyamaza tu." Baada ya hapo Bernard aliitundika baiskeli yake stoo, na Jumapili akawa anakaa naye ndani, hata jua likiwaka na njia zikiwa kavu. Alifariki miaka miwili kabla ya barua yangu kufika. Odile alimaliza kwa kusema kwamba sasa ameujua ukweli, ila hajui amwambie nani.

Niliipeleka barua ile Machame, nikamsomea Aminieli kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Nilipomaliza akaniomba nirudie pale pa Bernard. Nikarudia. Akafunika macho kwa kiganja chake kigumu.

"Yule baba," akasema, "sote tulimwacha."

Jani la sale alilipokea siku ile. Hatukula chochote.

Nilimwandikia Odile tena. Nilimwambia kwamba mimi nilikuwa mbele, macho yangu yako barabarani, njia ni ya kwetu, na bado nilipona kwa upana wa tairi moja. Nikamwambia kwamba hata kama mumewe asingetamka neno, hata kama mlima ungebaki mawinguni, yeye Odile asingeweza kusimama. Nikamwomba radhi Bernard kwa jina lake. Odile hakujibu. Kila nilipokwenda Machame Aminieli aliniuliza, "Ameandika?" nami nasema bado. Tulimzika Aminieli mwaka juzi katika kihamba chake, shamba la ukoo kando ya nyumba, na alikuwa bado anauliza.

Kwa miaka sita nilidhani najua nani niliyemkosea. Nilikuwa nawahesabu wawili, mzee wangu na mama wa watu aliyevunjika, na nilikuwa nawaombea kila Jumapili kwa majina. Wa tatu sikuwahi kumtaja. Alikuwa nyuma ya mkewe, ameuona mlima, akataka na yeye auone, na akaishi na furaha ile kama kosa lake mpaka alipokufa.